Karti "haionekani" mu mashini: namna ya kufuata maulizo ya kerneli ya Linux mpaka ujue shida iko wapi

Mutu akileta mashini huku Goma na anasema wifi haionekani, ao rezo ya kamba haishike, mafundi mingi banakimbilia bitu mbili tu, kuinstale sisteme upya ao kumwambia anunue karti ingine. Yote mbili ni bei. Kuinstale ni masaa na umeme, karti ya kuagiza Kampala ao Kigali ni pesa na ni siku za kungoja, na mara mingi ile karti ilikuwa nzima kabisa. Miye naona fundi yeyote anapashwa kujua namna kerneli (kiini ya sisteme, yenye inaongoza vifaa vyote) inaulizaka bitu vyenye biko mu mashini, halafu afuate yale maulizo kwa mupango ule ule, juu penye jibu ilikosekana njo penye ugonjwa iko.

"Haionekani" inaweza kuwa mambo tatu tofauti. Inaweza kuwa karti haijibu kabisa wakati kerneli inaigonga. Inaweza kuwa imejibu, jina yake inajulikana, lakini haikupata fasi, maana yake adresi mu memwari ao porti ao laini ya IRQ. Na inaweza kuwa imejibu, imepewa kila kitu, lakini hakuna piloti (programu yenye inajua kuendesha ile karti) yenye ilikuja kuichukua. Ukitibu ya kwanza kama vile ni ya tatu utainstale mapiloti mpaka usiku na hakuna kitu itabadilika.

Unahitaji flashi ya Ubuntu ao ya Debian Live (yenye inademare bila kuinstale), basi. Hata kama mashini ya mukiriya iko na Windows, demare ku flashi, chagua kujaribu bila kuinstale, diski yake hautaigusa. Fungula terminali. Karibu komandi yote hapa chini piga na sudo mbele (ile inakupa ruhusa ya mukubwa wa mashini), juu kerneli inafichaka maadresi kwa mutu wa kawaida: ukisoma /proc/iomem bila sudo utaona paka masifuri kila fasi na utafikiri mashini iko na shida.

Sasa, kitu gani kerneli inatafuta? Karti yoyote, ya sauti, ya rezo, ya video, ili CPU izungumuze nayo inapashwa kuwa na fasi ya kupitia. Fasi ya kwanza ni kipande ya adresi za memwari, yaani CPU inaandika ku adresi fulani kama vile inaandika mu RAM lakini yule anapokea ni karti. Ya pili ni maporti ya I/O, njia ya zamani ya x86, iko namba 65536 tu. Ya tatu ni IRQ, njia ya karti kuita CPU na kumwambia "niko na kitu, kuya uangalie". Bitu bile njo resursi, na kila moja inapashwa kuwa ya karti moja, juu karti mbili zikijibu ku adresi moja mashini inakwama ao inaandika uongo. (IRQ peke yake njo inaweza kugawanywa, na hata hapo mapiloti inapashwa kukubaliana.)

Zamani hakuna mwenye alikuwa anauliza. Kwenye makarti ya ISA (sloti za zamani) mutu alikuwa anafungula mashini na anahamisha vijampa kwa mukono, karti ya sauti unaiweka ku porti 220 na IRQ 5, na IRQ zote zilikuwa 16 tu, na moja kati yao ilikuwa inatumika kuunga chipi ya pili, so ukiwa na karti ya sauti, modemu na printa unaanza kupigana na namba. PCI, mupango wa kuunga makarti mu mashini yenye Intel ilitosha mu 1992, njo ilimaliza ile vita, juu kila karti ya PCI inabeba ndani yake ukurasa ya kujieleza, na mutu yeyote anaweza kuisoma kwa njia moja.

Ile kerneli ikiisha kuamuka, mbele ya kutafuta makarti, inauliza kwanza fimuwea ya mashini (BIOS ao UEFI, programu yenye inakaa mu bodi na inaamuka ya kwanza) memwari iko wapi. Piga hii, dmesg njo inaonesha yenye kerneli iliandika tangu kuamuka:

sudo dmesg | grep -i e820

Utaona mistari yenye iko na "usable" na ingine "reserved". Usable ni RAM yenye kerneli inaweza kutumia, reserved ni fasi yenye fimuwea imesema musiguse. Hapo njo unaelewa sababu gani mashini ya 4 GB inaonesha 3.8 ao pungufu, sehemu ingine imechukuliwa na karti ya video ya ndani na fimuwea yenyewe. Haiko wizi ya mwenye alikuuzisha RAM.

Kisha inakuja ile kazi kubwa, kupita mu PCI. Hapa kerneli inafanyaka kama mutu wa kuhesabu bantu mu kartie, anapita nyumba kwa nyumba na anagonga kila mulango: kunaweza kuwa busi 256 (busi ni njia moja yenye inaunga vifaa mingi), kila busi iko na fasi 32 za vifaa, na kila kifaa inaweza kuwa na kazi 8 ndani yake. Ile namba unaonaka mu lspci, komandi ya kuorodhesha makarti, mfano 03:00.0, ni hiyo tu, busi 03, kifaa 00, kazi 0. Kerneli inasoma baiti mbili za kwanza za ule ukurasa, zenye ziko na namba ya kampuni yenye ilitengeneza. Kama hakuna mutu ndani, inarudi FFFF (hesabu ya heksadesimali, yenye kisha 9 inaendelea na A mpaka F), biti zote moja, na hakuna kampuni yenye ilipewa namba FFFF, so kerneli inajua hapa ni patupu na inaendelea. Kama jibu iko, inauliza kazi 0 kwanza, na biti moja ya juu mu baiti ya 0E inaiambia kama kuna kazi zingine za kugonga. Ikikuta ni daraja ya PCI (chipi yenye inaunga busi moja na ingine), inaipa namba ya busi mupya na inaingia upande ingine, inaanza tena kule.

Usifikiri ni uchawi, unaweza kusoma ule ukurasa na macho yako. Anza na:

lspci -nn

Karibu ku mwisho wa kila mustari kuna namba mbili mu mabano ya mraba, mfano 10ec:8168. 10ec ni Realtek, 8168 ni ile karti ya rezo ya kamba yenye iko mu laptopu na deskitopu mingi sana zenye zinatoka Ulaya. 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 168c ni Atheros, 10de ni NVIDIA. Ile namba njo jina ya kweli ya karti. Jina ya maneno inatoka mu fishie moja ya mashini yako, inaweza kuwa ya zamani na kukosea, lakini ile namba inatoka mu karti yenyewe. Ukitafuta piloti, tafuta na namba.

Kama karti haiko kabisa mu lspci, basi tayari umepata jibu: haijibu. Simamisha mambo ya piloti. Zima mashini, tosha betri, tosha karti, na kwa sisi ba huku angalia vumbi, ile vumbi nyeusi ya mawe ya volkano inaingiaka mpaka mu sloti na inakaa kati ya meno. Safisha meno ya karti na alkoli ya isopropili, pulizia sloti, rudisha, demare. Angalia pia mu BIOS kama karti haikuzimwa kule, juu ikizimwa kule fimuwea inaikata na kerneli ikigonga inapata FFFF sawa vile hakuna mutu. Ku laptopu ingine kuna kabutoni ya kuzima wifi, mara mingi ile inakata redio tu na karti inabakia mu lspci, lakini kuna zenye inakata karti yote.

Na kuna moja yenye inadanganyaka bantu: lspci inaonesha karti lakini ku mwisho inaandika "rev ff" na chini yake "Unknown header type 7f". Pale ujue karti ilijibu wakati wa kudemare halafu ikanyamaza, kila kitu kerneli inasoma sasa inarudi na biti moja zote. Ni umeme ya sloti, ao karti imejizima ili kuokoa betri na imeshindwa kuamuka, ao inapata moto kupita. Hiyo piloti haiwezi kukusaidia mpaka karti ijibu tena.

Basi tuseme iko na inajibu. Soma baiti 64 za kwanza, weka namba ya karti yako pa 03:00.0:

sudo lspci -s 03:00.0 -x

Ku Realtek moja ya 8168 mistari tatu za mbele inaweza kutosha hivi:

00: ec 10 68 81 07 04 10 00 06 00 00 02 10 00 00 00
10: 01 e0 00 00 00 00 00 00 04 00 d0 f7 00 00 00 00
20: 0c 00 00 f0 00 00 00 00 00 00 00 00 00 00 00 00

Baiti zinaandikwa kinyume, ya kidogo mbele, so "ec 10" soma 10ec, "68 81" soma 8168. Kisha "07 04" ni rejista ya amri, soma 0407. Ile 7 ya mwisho ni biti tatu zimewaka: karti inaruhusiwa kujibu ku maporti, inaruhusiwa kujibu ku memwari, na inaruhusiwa kuenda yenyewe kusoma na kuandika mu RAM. Ukiona 0000 pale, karti iko lakini hakuna mwenye aliiwasha, na mara mingi ni juu hakuna piloti. Mbele kidogo, "00 00 02" ni aina ya kifaa, 02 ni rezo. 01 ni mambo ya diski, 03 ni video, 04 ni sauti na mambo ya media.

Mustari wa pili, kuanzia 10, njo kitu tamu. Kuanzia baiti ya 10 mpaka 27 (kwa heksadesimali, yaani baiti 24) kuna marejista sita, kila moja baiti nne, zinaitwa BAR, na ndani yake njo kunaandikwa karti inaishi ku adresi gani. Ya kwanza ni "01 e0 00 00", soma 0000e001. Biti ya mwisho ni 1, maana yake ni porti ya I/O, na adresi ni e000. Ya pili ni masifuri, haitumike. Ya tatu ni f7d00004: biti ya mwisho ni 0, basi ni memwari, na ile 4 inasema ni adresi ya biti 64, so inakula BAR mbili, hii na yenye inafuata. Adresi yake ni f7d00000. Ya tano ni f000000c, memwari ya biti 64 tena, na hapa biti ingine imewaka yenye inaruhusu CPU kusoma mbele ya wakati bila kuharibu kitu.

Lakini angalia, pale hakuna fasi imeandikwa ukubwa. Adresi iko, ukubwa haiko. Sasa kerneli inajua aje kama karti inahitaji baiti 256 ao 16 MB? Inauliza kwa namna moja ya akili sana. Inaweka pembeni adresi yenye ilikuwa, inazima mu rejista ya amri ruhusa ya karti kujibu ku memwari na maporti (ili isianze kujibu ku adresi ya watu), kisha inaandika biti moja zote mu BAR, FFFFFFFF, na inasoma tena. Karti haiwezi kukubali biti zote, juu zile biti za chini zenye zinaingia ndani ya ukubwa wake zimefungwa ku sifuri mu chipi yenyewe. So ile BAR ya f7d00004 itarudisha FFFFF004. Tosha zile biti nne za mwisho zenye ni za kuelezea, unabaki na FFFFF000. Geuza kila biti, unapata 00000FFF. Ongeza 1, unapata 1000 ya heksadesimali, maana yake 4096, yaani 4 KB. Ku porti ya I/O unatosha biti mbili za mwisho pa nafasi ya nne. Halafu kerneli inarudisha adresi ya zamani na inawasha karti tena. Inafanya ile kwa kila BAR ya kila karti, mashini nzima, na weye unaona tu logo ya Ubuntu.

Kwa sababu ile njo ukubwa ya BAR inakuwaka kila mara 16, 32, 64, 128, 256 na kuendelea (maporti inaweza kuanzia hata 4 ao 8), haiwezi kuwa 100 ao 3000, na adresi inapashwa kuanzia ku namba yenye inagawanyika na ule ukubwa. Weka ile mu kichwa, itakusaidia tukifika ku shida ya fasi.

Usijaribu kuandika mu BAR wewe mwenyewe na setpci ku mashini yenye iko natumika. Kusoma na setpci haina neno, mfano:

sudo setpci -s 03:00.0 BASE_ADDRESS_2

Lakini kuandika FFFFFFFF ku karti yenye inashika diski wakati sisteme iko naandika, unaweza kukwamisha mashini na kuharibu mafishie ya mutu. Jibu yenye kerneli ilipata imeshaandikwa tayari, hauna haja ya kuuliza tena:

cat /sys/bus/pci/devices/0000:03:00.0/resource

Kila mustari ni mwanzo, mwisho, na alama. Ku ile Realtek mustari wa kwanza ni e000 mpaka e0ff, baiti 256, na mustari wa tatu ni f7d00000 mpaka f7d00fff, ile 4 KB yetu. Mu zile alama angalia tarakimu ya tatu kutoka mwisho: 1 ni maporti, 2 ni memwari. Ukipendelea kusoma kwa maneno, sudo lspci -vv -s 03:00.0 inaonesha mambo yale yale na ukubwa pembeni. Na ukitaka kuona mashini yote, nani iko pembeni ya nani:

sudo cat /proc/iomem
sudo cat /proc/ioports

Mu ioports utakuta bazee ya zamani bangali pale, kibodi ku 0060 na 0064, saa ku 0070, na 0cf8, na hiyo 0cf8 njo mulango wenyewe wenye kerneli ilipitiaka kusoma kurasa za PCI: unaandika ku 0cf8 namba ya busi, kifaa, kazi na baiti unayotaka, kisha unasoma jibu ku 0cfc. Mashini za PCI Express ziko na njia ingine, ukurasa imekuwa baiti 4096 na inasomwa kama memwari, lakini baiti 256 za mbele ni zile zile.

Sasa ugonjwa wa pili, karti imejibu lakini imekosa fasi. Kwa kawaida fimuwea inakuwa imeshagawa adresi mbele kerneli iamuke, na kerneli inaangalia tu kama mugawanyo iko sawa, ikikuta adresi mbili zinagongana ao karti yenye haikupewa kitu inajaribu kugawa yenyewe. Ikishindwa, inasema. Tafuta:

sudo dmesg | grep -iE "can't assign|no space|conflict"

Na mu lspci -vv utaona "unassigned" penye adresi ilipashwa kuwa. Hii inatokeaka sana mutu akiweka karti ya video kubwa mu deskitopu ya zamani. Karti inaomba kipande ya 256 MB ao zaidi, chini ya 4 GB kuko RAM, kuko chipseti, kuko makarti ingine, na inapashwa kuwa kipande moja na yenye inaanzia ku namba yenye inagawanyika, so hata kama kuna fasi mingi ndogo ndogo haisaidie. Tena karti yenye iko nyuma ya daraja inapata fasi paka ndani ya dirisha yenye ile daraja ilipewa, dirisha ikiwa ndogo basi imekwisha. Dawa ya kwanza ni kuingia mu BIOS na kutafuta "Above 4G Decoding", iwashe kama iko. Ya pili, ku menyu ya GRUB (yenye inatokea mbele Linux ianze) bonyeza e, ku mwisho wa mustari wenye unaanza na linux ongeza pci=realloc, kisha F10. Ile inaambia kerneli isikubali dirisha za fimuwea, igawe madaraja upya. Imefanya kazi? Basi, kama Linux iko mu diski ya mashini, iandike kule mu /etc/default/grub na upige update-grub. Haikufanya, jaribu pci=nocrs, lakini hiyo ni ya mwisho, juu inaambia kerneli isisikilize yenye ACPI (meza zenye fimuwea inaachia kerneli) inasema kuhusu dirisha za PCI, na mara ingine ACPI ilikuwa inasema kweli.

IRQ pia angalia haraka. Fungula hii na uache ikiendelea:

watch -n1 cat /proc/interrupts

Tafuta mustari wenye jina ya karti yako ku mwisho, halafu ifanye ifanye kazi, chomeka kamba ya rezo, piga ping. Namba inapashwa kupanda. Kama piloti iko, adresi iko, lakini namba haipande hata kidogo, karti inaita na sauti haifike. Makarti ya sasa haitumie tena waya ya kuita, inaandika neno fulani ku adresi fulani na CPU inaamuka, utaona imeandikwa PCI-MSI. Kuna karti mu mashini za zamani zenye hiyo MSI yao ni mbovu, jaribu pci=nomsi ku GRUB na uone kama namba inaanza kupanda. Mu ile mfano yetu "07 04", ile 04 njo inasema waya ya zamani imezimwa, juu MSI njo inatumika.

Ugonjwa wa tatu, na kwa wifi njo mwenye anakuja mara mingi zaidi:

lspci -nnk

Chini ya karti tafuta "Kernel driver in use". Iko, piloti imeichukua. Haiko, lakini kuna "Kernel modules", basi piloti iko mu diski ila haikuingia, ipige na sudo modprobe na jina yake na usome dmesg pale pale. Kerneli inaunganisha karti na piloti kwa kusoma fishie modules.alias, yenye ni orodha tu ya namba za kampuni na kifaa na jina ya piloti pembeni, so unaweza kutafuta mwenyewe:

grep -i 10ECd00008168 /lib/modules/$(uname -r)/modules.alias

Itakuonesha r8169. Ikikosa kabisa, kerneli yako ni ya zamani kuliko karti, ao karti ni ya wale ba kampuni wenye hawakutoa piloti, Broadcom ya wifi njo inajulikana kwa ile. Na kuna moja ingine: piloti imeingia, dmesg inasema "firmware" na "failed to load", maana karti inahitaji fishie ndogo ya kupakia ndani yake yenyewe, mu Debian iko ndani ya pakiti kama firmware-realtek na firmware-iwlwifi. Bila wifi utapakua namna gani? Chukua simu, waya ya USB, washa kugawa intaneti kwa USB, kerneli itaona simu kama karti ya rezo bila kuinstale kitu, na mega unatumia ni kidogo.

USB inaulizwa tofauti, hakuna BAR. Ukichomeka kitu, habu inaona waya moja imepanda, kerneli inaireset, inazungumuza nayo ku adresi 0, inasoma maelezo yake ya baiti 18 zenye ziko na namba ya kampuni na ya kifaa, inaipa adresi yake, kisha inauliza mipango yake na umeme yenye inataka. Mbele ya kukubaliwa kifaa cha USB 2.0 inaruhusiwa 100 mA tu, kisha mpaka 500. Sasa ukiona mu dmesg "device descriptor read/64, error -110", kifaa haikujibu kwa wakati, na -71 ni jibu yenye imeharibika njiani. Mbele ya kulaumu modemu badilisha waya, tosha habu ya bei ya chini yenye haina umeme yake, chomeka ku porti ya nyuma ya deskitopu. Na ile modemu ya Huawei ya kuweka SIM ikionekana kama CD, mu lsusb ni 12d1:1446, haiko mbovu, inajitambulishaka kwanza kama diski yenye piloti ya Windows ndani. Instale usb-modeswitch, itosha na uichomeke tena, utaona namba ya pili inabadilika.

Kubakia vifaa vyenye haviwezi kujibu swali hata moja. Kibodi ya ndani ya laptopu, betri, tachipadi ya I2C (nyuzi mbili za kuunga chipi ndogo), hizo hazina ukurasa wa kujieleza kama ule wa PCI, so fimuwea njo inasema kwa niaba yao mu meza za ACPI: kuna kifaa, jina PNP0303, iko ku porti 60 na 64, IRQ 1. Kerneli inaamini. Mu ls /sys/bus/pnp/devices utaona zingine zake, kama kibodi, na cat ya fishie resources ndani ya kila moja inaonesha yenye fimuwea ilisema. Fimuwea ikidanganya, tachipadi haitembee, na dawa mara mingi ni kuweka BIOS mupya ya kampuni ya mashini, haiko piloti.

Ku Raspberry Pi na mabodi ya ARM ACPI haiko kawaida, kuna devaisi tri, fishie yenye inaorodhesha kila chipi na adresi yake, na kerneli inaisoma wakati wa kuamuka. Unaweza kuipitia mu /proc/device-tree. Ukifunga chipi ya saa ya DS3231, yenye ni ya lazima kama umeme inakatika na Pi haina saa yake ndani wala intaneti ya kurekebisha saa, usiitafute mu lspci. Mu config.txt andika dtparam=i2c_arm=on na chini yake dtoverlay=i2c-rtc,ds3231, demare upya, instale i2c-tools, kisha:

sudo i2cdetect -y 1

Angalia fasi ya 68. Ukiona namba 68, chipi inajibu lakini hakuna piloti imeichukua, rudi usome ule mustari wa dtoverlay kama umeuandika sawa. Ukiona UU, piloti iko nayo tayari, piga sudo hwclock -r na usome saa. Ukiona vistari tu, chipi haijibu, rudi ku nyuzi: 3.3 V ku pini 1, SDA ku pini 3, SCL ku pini 5, na masi (GND) ku pini 6.